Siku Alizozitia Nukta: shajara ya riwaya ambayo haijaisha

Januari

Wazo lililokuwa linanizunguka tangu mwaka jana limepata umbo. Rehema ameolewa na Sudi, na Sudi anamtesa. Kila baada ya tukio Rehema anatia nukta ya kalamu kwenye kalenda ya ukutani, nukta ndogo ambayo mgeni angeidhania uchafu wa inzi, ili kesho akiambiwa "hilo halikutokea, umeota" awe na kitu cha kushika. Asubuhi moja anagusa nukta mojawapo na kujikuta ndani ya siku ile ile, amesimama kando, anajitazama mwenyewe akipigwa. Safari ya wakati ya kitabu hiki ni hiyo. Hakuna mashine, hakuna radi, hakuna pango la kale. Anaweza kurudi kwenye siku alizozitia nukta, basi.

Kalenda sikuitoa hewani. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alitunga katika miaka ya 1980 dodoso la kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake. Kabla ya swali lolote, mwanamke hupewa kalenda ya mwaka uliopita atie alama siku alizoumizwa na aandike ukali wa kila tukio. Kalenda huamsha kumbukumbu, na humzuia mtu kulipunguza jambo mpaka likaonekana dogo. Niliposoma hilo nikajua chombo cha safari tayari ninacho. Mwanamke anayetia alama kwenye siku zake amekwisha kuanza kusafiri.

Ni riwaya ya mapenzi, nasema mapema. Kutakuwa na mwanamume mwingine, anaitwa Haruni, na watamaliza pamoja. Msomaji wa mapenzi ana haki ya kupata mwisho wa furaha, na mimi sina nia ya kumdhulumu.

Februari

Mwezi mzima nimebishana na nafsi yangu juu ya swali moja: ya jana yanabadilika au hayabadiliki?

Wanafizikia wamelizungumza jambo hili kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Kwenda mbele si hadithi tena. Mwaka 1971 Hafele na Keating walizungusha saa za atomiki duniani kwa ndege za abiria, na zilipotua zilikuwa zimeachana na saa zilizobaki chini, kwa kiasi kidogo sana lakini kinachopimika, kama nadharia za Einstein zilivyotabiri. Kurudi nyuma ndiko kwenye matata. Mwaka 1949 Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu, kwenye karatasi, ulimwengu ambamo njia ya msafiri inajikunja na kurudi kwenye jana yake. Baadaye Igor Novikov akapendekeza kwamba hata kama njia hiyo ipo, msafiri hawezi kufanya lolote linalopingana na yaliyokwisha kutokea. Alichokifanya huko nyuma ni sehemu ya jana tangu mwanzo.

Nimemchagua Novikov, ingawa sababu yangu si ya kifizikia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, mara nyingi na mwenzi wake. Kwa hiyo kitabu hiki kitaingia mikononi mwa watu wanaoijua nyumba ya Sudi kwa ndani. Jana ikibadilika, kila kofi ambalo Rehema hakulizuia linageuka deni lake: alikuwa na kalenda, kwa nini hakufika mapema? Swali hilo wanawake hao wameshaulizwa na mashangazi, na wakwe, na polisi, na wao wenyewe usiku wa manane. Sitaki na mimi niwaulize kwa kurasa mia tatu.

Basi jana haibadiliki. Rehema akijaribu kuushika mkono wa Sudi katika siku iliyopita, atashindwa, kwa sababu hakuna aliyeushika siku ile. Anachoweza ni kuona.

Machi

Sudi ananipa kazi. Mnyanyasaji wa riwayani ni mtego kwa mwandishi: ukimpa macho mekundu na pumzi ya pombe, msomaji anamtambua ukurasa wa kwanza kisha anamlaumu Rehema kwa kutomtambua. Sudi wangu hanywi. Anakumbuka majina ya watoto wa majirani. Wazee humwita mwanetu.

Nimebandika mbele yangu lile gurudumu la Duluth, mchoro uliotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 mjini Duluth, Minnesota, kutokana na simulizi za wanawake waliopigwa. Katikati pameandikwa nguvu na udhibiti. Vipande vyake ni vinane: vitisho, kudhalilisha, kumtenga mtu na watu wake, kuwatumia watoto, kushika pesa, kukana na kumtupia lawama, na mengine ya aina hiyo. Ukatili wa mwili umewekwa ukingoni, ukivizunguka vyote na kuvishikilia. Jambo hilo limeigeuza rasimu yangu. Kurasa zinazotisha zaidi sasa ni zile ambazo hapigwi mtu. Sudi anaomba risiti. Sudi anampigia kazini "kumjulia hali", mara ya tatu kabla ya saa sita. Sudi anamnunulia simu mpya, nzuri kuliko ile ya zamani, na kuiweka tayari mwenyewe kabla ya kumkabidhi.

Sura ya 5 naipenda. Ndiyo safari ya kwanza. Siku ya tukio lenyewe Rehema alikuwa anautazama mkono wa mumewe. Safari hii amesimama pembe nyingine ya chumba, anamwona mzima mzima. Anamwona akienda kufunga dirisha kabla ya kupaza sauti. Anamwona akikisogeza kando kikombe anachokipenda. Halafu ndiyo "anapandwa na hasira." Rehema ameishi miaka akiamini kwamba mumewe hupoteza akili kwa dakika chache na kwamba kazi yake yeye ni kumwepusha na kinachompotezea akili. Mtu aliyepoteza akili hakumbuki madirisha.

Kuna kishawishi nimekikataa na ningependa kieleweke. Lenore Walker, mwanasaikolojia, mwaka 1979 alieleza mzunguko wa ukatili: mvutano unajengeka, unalipuka, kisha kinafuata kipindi cha maua na msamaha, na gurudumu linaanza upya. Mwandishi wa safari za wakati akiona mzunguko, mate yanamtoka. Siku moja inayojirudia! Mhusika aliyekwama! Ingekaa vizuri mno. Lakini Evan Stark, mtafiti wa ukatili wa majumbani, katika kazi yake ya mwaka 2007, alisisitiza kwamba tukihesabu vipigo tu tunakosa kinachoendelea katikati yake: udhibiti wa kila saa usio na likizo. Mtazamo huo ulifika hadi bungeni. Uingereza na Wales ziliufanya udhibiti wa kulazimisha kati ya wapenzi na wanafamilia kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2015. Ndiyo maana kalenda ya Rehema ina nukta, lakini nimehakikisha siku zisizo na nukta hazina raha. Katika sura ya 7 anatamani kurudi kwenye siku nyeupe, apumzike. Kalenda haimpeleki. Anakaa kuzitazama siku hizo nyeupe na kugundua kwamba katika kila moja alikuwa anasubiri.

Aprili

Haruni. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo kitabu kilipojigeuza.

Katika mpango wa awali Haruni naye alikuwa msafiri. Ametoka miaka ishirini mbele, huko ameshamwoa Rehema na kumzika, na sasa amerudi kumtafuta kabla hajamjua. Anajua atacheka lini, anaogopa nini, analalia ubavu upi. Wapenzi wa aina hii ya riwaya wanaijua ladha hiyo. Nikaandika kukutana kwao, na Haruni akasema: "Nakujua kuliko unavyojijua." Sentensi ikatoka bila jasho.

Kisha nikaenda sura ya 2 kurekebisha jambo lingine, nikamkuta Sudi anasema karibu maneno yale yale.

Tangu hapo sijaweza kuzitazama hila za mapenzi ya safari za wakati kwa macho ya zamani. Chukua ile inayopendwa kuliko zote: mwanamke anatupwa kwenye zama asizozijua. Hana pesa ya zama hizo, hana ndugu, hana karatasi yoyote, lugha yenyewe inamkwaza, na mtu pekee anayemfahamu ni mwanamume mmoja mwenye mabega mapana. Sisi waandishi tunauita huo mwanzo wa mapenzi. Ukiuweka kwenye gurudumu la Duluth unaangukia kwenye vipande viwili kwa mpigo, cha kutengwa na cha pesa. Au mwanamume anayemfuata mwanamke karne hadi karne, anakataliwa na harudi nyuma, mpaka mwanamke anakubali kwamba imeandikwa. Nani aliandika? Mwanamke mwenyewe hakuulizwa. Au mpenzi atokaye kesho, anayezuia taarifa "kwa faida yake", anachagua ajue nini na lini.

Sisemi hila hizo ni haramu. Katika kitabu kingine ningezitumia na kulala usingizi. Lakini katika kitabu kuhusu mwanamke anayetoka kwa Sudi, kila mojawapo inanuka Sudi.

Kwa hiyo nimempokonya Haruni safari. Anayesafiri ni Rehema peke yake. Haruni ni mpima ardhi, alikuwa anapima kiwanja cha ng'ambo ya barabara katika kipindi ambacho kalenda ilikuwa inajaa. Siku moja alimwona Rehema getini na uso uliovimba, akamuuliza, "Dada, u salama?" Rehema akajibu salama, akaingia ndani. Yule wa siku ile aliingia ndani. Rehema msafiri, aliyesimama pembeni ya siku ile, hakuingia. Alivuka barabara.

Aprili, bado

Hesabu yake imenitoa jasho. Kwa kuwa jana haibadiliki, kila mazungumzo ambayo Rehema msafiri anafanya na Haruni yalikwisha kutokea. Maana yake Haruni amekuwa na kumbukumbu za mwanamke huyu muda wote. Na kwa Haruni siku zinakuja kwa mpangilio wa kalenda, ilhali kwa Rehema zinakuja kwa mpangilio anaogusa nukta. Mara yake ya kwanza yeye inaweza kuwa ya nne kwa Haruni. Nimechora jedwali lenye safu mbili, ya Rehema na ya Haruni, na mishale inayokatizana kiasi kwamba mwanangu ameniuliza nashona nini.

Faida yake ni kubwa kuliko usumbufu. Kila mmoja ameshika kipande cha wakati wa mwenzake. Rehema anajua siku ambazo Haruni hajazifikia. Haruni anakumbuka mikutano ambayo Rehema hajaifanya. Hakuna anayemzidi mwenzake moja kwa moja. Nimewapa sharti wanalolitunga wenyewe sura ya 11: anayejua akiulizwa anasema, na asipoulizwa hakitumii anachokijua. Mapenzi yao yote yanapimwa kwa sharti hilo. Haruni ana sentensi moja tu ya kimapenzi katika sura nzima, na ni swali: "Unataka nikwambie?"

Mei

Sura ya 14 imekamilika, na nadhani ndiyo yenye ujasiri kuliko zote. Rehema ndiye anayelivunja sharti. Katika siku fulani anajifunza kinachomchekesha Haruni na kinachomliza kuhusu mama yake. Kisha anagusa nukta ya siku ya nyuma zaidi na kuyatumia yote mawili. Haruni, ambaye kwake ndiyo kwanza wanazoeana, anashangaa kukuta mtu anayemwelewa hivi. Analegea. Rehema anaona anavyolegea na anaonja raha ya kuwa mwenye kujua. Anaitambua raha hiyo. Ameshaiona kwenye uso wa mtu mwingine, baada ya dirisha kufungwa.

Sikumfanya alie. Anamwambia Haruni alichofanya, Haruni anaondoka na vyombo vyake vya kupimia, na sura inaisha kwa kazi ya kawaida ya kiwanjani. Wako watakaosema nimemlinganisha Rehema na Sudi. Hapana. Sudi amejenga nyumba nzima juu ya raha ile na kumfungia mtu ndani yake. Rehema aliionja siku moja, akasema. Tofauti hiyo ndiyo ninayoifuata, nisingeweza kuionyesha kwa kumwacha Rehema awe malaika.

Juni

Kidogo sana. Kazi ya mshahara imekula mwezi. Nimesahihisha majina ya miezi kwenye jedwali na kumpunguzia Sudi hotuba moja. Wanyanyasaji wa riwayani huongea sana.

Julai

Sura ya 22, ya kuondoka.

Nimeiandika bila safari yoyote ya wakati. Kalenda inabaki ukutani, maana ikitoweka ukutani Sudi atajua. Haruni hayupo, wala hajui kama ni siku hiyo. Wahariri wa mapenzi wangetaka awe nje na gari linanguruma. Nimekataa. Anayejua ni dada yake Rehema na mhudumu mmoja wa nyumba ya hifadhi ya wanawake wanaokimbia ukatili, waliopanga naye kwa wiki kadhaa.

Kuondoka ndiyo saa ya hatari. Watafiti wa ukatili wa majumbani wanakubaliana kwamba tishio la kuuawa hupanda mwanamke anapoondoka au anapotangaza kwamba ataondoka, kwa kuwa ndipo udhibiti unapomponyoka mwenzake. Kwa hiyo Rehema hamuagi Sudi. Hakuna hotuba ya mlangoni, ile ambayo wasomaji huipigia makofi. Nyaraka zake zilitoka nyumbani moja moja, zikatangulia. Simu aliyopewa na Sudi anaiacha pale inapokaa kila siku, ikiwa imewashwa. Mengine nimeyaacha gizani makusudi: sitaki ukurasa wangu uwe kozi kwa akina Sudi.

Kuna nukta moja kwenye kalenda ambayo Rehema aliizungushia duara, na hakuwahi kuigusa. Siku hiyo Sudi alimkaba koo. Hakukubaki alama, na Rehema mwenyewe huihesabu kuwa siku ndogo kuliko ile ya kuvunjika mkono. Mhudumu wa hifadhi ndiye anayeishtukia. Anamuuliza maswali ya dodoso, anafika hapo, anaweka kalamu chini. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, ambao Campbell alikuwa miongoni mwa waandishi wake, uliona kwamba kwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake, uwezekano wa kuuawa naye ulikuwa zaidi ya mara 7 ya ule wa mwanamke aliyeteswa lakini hakuwahi kukabwa. Takwimu yenyewe haimo kitabuni. Kilichomo ni ile kalamu kuwekwa chini, na sauti ya mhudumu kubadilika kuwa ya mtu anayepanga kwa haraka.

Agosti

Nimempa rasimu mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika nyumba ya hifadhi. Nilitarajia angenisahihisha kuhusu taratibu. Taratibu alizipita. Alinipigia simu akasema, "Mwanangu, umempa sababu ya kubaki."

Ikanichukua muda kumwelewa. Rehema hukutana na Haruni kwenye siku zenye nukta peke yake. Nukta ni siku za kipigo. Basi kila kipigo kipya ni siku mpya ya kumwona Haruni, na atakapoondoka kwa Sudi hakutakuwa na nukta tena. Nilikuwa nimejenga mapenzi yanayolishwa na mateso. Zaidi ya hapo, kama Haruni anakumbuka mikutano ambayo Rehema bado hajaifanya, basi hata akishaondoka atalazimika kurudi, siku baada ya siku, mpaka aitimize yote. Novikov niliyemchagua kwa huruma ananifungia mlango.

Tulizungumza hadi betri ikaisha. Alisema wanawake wengi aliowahudumia walikuwa na kitu kizuri kilichofungwa pamoja na kibaya, mtoto, shamba, rafiki wa jirani, na kwamba nisikifungue kirahisi kwa sababu wao hawakukifungua kirahisi.

Kwa hiyo tatizo nimelileta mbele badala ya kulificha. Sura ya 18 mpya: Rehema anajikuta, siku Sudi anapoanza kuvuta pumzi kwa namna ile, anafikiria nukta. Anafikiria Haruni. Anaogopa kuliko alivyowahi kumwogopa Sudi, na ndiyo jioni anayompigia dada yake.

Jedwali nalo limebidi lisukwe upya. Sasa mikutano yote anayoikumbuka Haruni inamalizika kabla ya sura ya 22. Katika ule wa mwisho Rehema anauliza, kwa sharti lao, "Kuna siku nyingine uliyoniona?" Haruni anafikiri, anapitia daftari lake la vipimo, anasema hakuna. Kumbukumbu yake imekwisha. Nukta nyingi za Rehema hajazigusa na hatazigusa. Kilichotokea katika siku hizo anakijua, hahitaji kukiona kwa pembe nyingine. Kuanzia hapo hakuna anayejua lolote kuhusu kesho ya mwenzake, na Rehema bado hajaondoka. Nimeipenda nafasi hiyo kuliko nilivyoipenda ile ya Haruni wa miaka ishirini mbele.

Septemba

Sehemu ya mwisho inasonga. Baada ya hifadhi nimeacha muda mrefu upite, na nimeuandika muda huo badala ya kuuruka kwa kichwa cha sura. Amri ya mahakama ya kumzuia Sudi. Usingizi unaokuja mchana na kukataa usiku. Siku Rehema anapomkumbuka Sudi kwa hamu, jambo ambalo msomaji mmoja ameniomba nilitoe na sitalitoa. Wanasaikolojia Dutton na Painter waliandika tangu mwaka 1981 kuhusu kifungo cha kihisia kinachojengwa pale mtu yule yule anapoumiza na kubembeleza kwa zamu. Hakifunguki kwa kuhama nyumba.

Haruni anarudi sura ya 29, katika muda wa kawaida, kwa njia ya kawaida: Rehema anamtafuta, anamwandikia, anasubiri jibu siku kadhaa kama binadamu wengine. Wanapoonana hawajuani vizuri kama walivyodhani. Haruni amebadilika, ana ndevu, ana msimamo mkali kuhusu mambo ya kijinga. Wanabishana. Dirisha liko wazi na sauti zao zinasikika hadi nje, na hakuna anayelifunga. Hilo la dirisha sitalieleza kitabuni, anayekumbuka atakumbuka.

Kilichobaki ni sura ya 30 na 31, jina la kitabu, na ombi la mchapishaji kwamba Sudi apewe ukurasa wa kuomba msamaha. Nimejibu kwamba Sudi ameshaomba msamaha mara saba humu ndani, zote kabla ya sura ya 10. Tunaonana wiki ijayo kulizungumza.